Mtu wa Vidole vya Waya

Wiki iliyopita tulimlilia Mama Furaha huko Rosettenville, Johannesburg, katika gereji iliyo nyuma ya nyumba aliyokuwa amepanga chumba, maana chumba chenyewe kilitosha kitanda na cherehani, basi. Nilifika mchana nikakuta kina mama wa kanisa wameshainjika masufuria, nikakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Mbele yangu wanawake wawili walikuwa wakichambua mboga. Mmoja hakumfahamu sana marehemu, akauliza baba wa mtoto yuko wapi. Mwenzake akamjibu kwa sauti ya chini, "Baba aliuawa kule kwetu Fizi. Mtu mwenye waya katika vidole alimkata vipande akiwa amesimama. Lakini aliwahi kumwachia mke wake maneno." Yule wa kwanza akaweka kisu chini, akaguna, akasema Mungu ni mwema kama alimwachia maneno. Mimi niliangalia viatu vyangu. Huyo mtu wa waya namjua. Hakupata kufika Fizi hata siku moja. Alitoka Japani, alichorwa na watu nisiowajua kabla mimi sijaanza shule, na aliingia Johannesburg ndani ya kaseti. Boksi la kaseti hizo nililipandisha ngazi mimi mwenyewe, hadi ghorofa ya nne.

Ilikuwa mwaka 2017, nami nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu. Tuliishi watu kumi na mmoja katika fleti moja ya Berea, sebule imegawanywa kwa mapazia na mbao, kila pazia na familia yake. Lifti ilikufa zamani na watu walitupa taka kwenye shimo lake, kwa hiyo harufu ya nyumba yetu ilikuwa mbili: ya lifti, na ya samaki wakavu waliokaangwa jikoni na mtu mmoja huku mwingine akisubiri zamu ya jiko. Mimi nilikuwa mlinzi wa duka usiku. Asubuhi nilirudi nikalala, mchana watoto wakitoka shule nilikuwa nao mpaka mama zao warudi, na kwa kazi hiyo nilipewa chakula. Walikuwa watano. Wanne walikuwa wamekaa mjini muda wa kutosha kugombana kwa Kizulu. Wa tano alikuwa Furaha, mwenye miaka minane, aliyekuwa hajatimiza mwaka tangu atoke Kongo, na ambaye hakugombana na mtu kwa lugha yoyote.

Mama yake alikuwa fundi wa nguo. Siku za wiki alishona kwa watu katikati ya mji, Jumamosi aliuza aproni sokoni Newtown, na jioni alirudi na vipande vya kitambaa vimemng'ang'ania kwenye sweta. Alikuwa mcheshi kuliko unavyoweza kudhani. Mimi aliniita "Bwana Popo" kwa sababu ya kulala mchana. Lakini kila jioni alipopakua ugali alipakua sahani tatu: yake, ya mtoto, na ya tatu aliyoifunika kwa sahani nyingine na kuiweka pembeni. Asubuhi aliila yeye mwenyewe, imepoa, kabla ya kwenda kazini. Mwanzoni nilidhani ni akiba. Baadaye nikaelewa kwamba ilikuwa ya mumewe. Siku watu wenye silaha walipovamia kijiji chao yeye alikuwa sokoni, na aliporudi siku ya tatu majirani walikuwa wamekwisha kumzika mume haraka haraka pamoja na wengine, wakamwonyesha udongo. Maiti hakuiona. Aliyekuwa nyumbani siku hiyo ni Furaha, naye majirani walimtoa chini ya kitanda akiwa mzima, na tangu hapo hakusema lolote juu ya siku ile. Mama Furaha alijua kwamba mumewe amekufa. Sahani ndiyo iliyokuwa haijui.

Sasa niseme habari ya kaseti. Katika fleti yetu alikuwamo Shabani, Mtanzania wa Tanga, mnunuzi wa vyombo vya umeme vilivyotumika. Mwezi wa tano mzee mmoja Mreno wa Rosettenville alikuwa anafunga duka lake la kuazimisha filamu, duka lililokwisha kufa miaka mingi nyuma ila mwenyewe alikuwa hajakubali. Shabani alinunua mashine ya kuchezea kaseti, na boksi moja mzee akampa bure, kwa kuwa hakuna tena aliyezitaka. Tulishuka nalo Berea, mimi na yeye, tukapokezana kwenye ngazi. "Kaka Deo, mali za kitambo hizi," alisema akihema. "Watoto wako watatulia, utalala mpaka ukome." Juu ya majalada palikuwa na michoro: macho makubwa, nywele za buluu, majengo marefu yanawaka moto. Jioni kina mama walizikagua. Kanisa letu lilikuwa limewakataza filamu za uchawi na filamu za mapenzi, na walikuwa wakali kweli katika jambo hilo. Mama Furaha aligeuza jalada moja mbele na nyuma, akaniuliza, "Hizi ni za batoto?"

"Si unaona zimechorwa, mama."

"Basi iko sawa," akasema, akanirudishia. Kwetu ilikuwa hivyo: kitu kilichochorwa ni cha mtoto. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiri kwamba mtu mzima anaweza kukaa chini, akanoa penseli, akachora kwa miezi na miezi jinsi utumbo unavyotoka.

Dakika kumi za kwanza zilinitosha kujua. Mambo niliyoyaona sikuwa nimeyaona hata kwenye filamu za vita. Vichwa vilipasuka taratibu. Damu ilitoka kwa nguvu mpaka ikapaka ukuta, na yule mchoraji alikuwa na subira ya kuonyesha kila tone linavyoteremka. Kisha akaja mwanamke anavua nguo. Hapo nilishtuka, nikanyakua kitenge kilichokuwa kwenye kamba nikakitupa juu ya televisheni, watoto wakapiga kelele, na sehemu ile ilipopita nikakiondoa. Nikafanya hivyo miezi yote iliyofuata. Nimejiuliza mara nyingi baadaye, mimi nilikuwa mtu wa namna gani. Uchi niliufunika, damu niliiacha. Tulikuwa tumefundishwa kuona haya, na damu tulikuwa tumeizoea. Sikuona kwamba kuna jambo la kuamua.

Tena kulikuwa na kiburi changu. Kwetu Uvira, katika vibanda vya video, palikuwa na mtu aliyekaa na kipaza sauti kando ya televisheni akitafsiri filamu kwa Kiswahili, na wakati mwingine watu walikuja kumsikiliza yeye kuliko kuangalia picha. Alimpa kila mtu jina la mtaani, alimtania mwenye bunduki, alikohoa mzee wa kwenye filamu anapokohoa. Tangu utoto nilitaka kuwa yeye. Kaseti zile zilizungumza Kijapani, na maandishi ya chini yalikuwa ya Kireno, lugha mbili nisizozijua hata salamu zake. Hiyo haikunizuia. Nilikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, nikatafsiri. Mji ule wa maghorofa nikaufanya Uvira, bahari nikaifanya ziwa letu, wauaji nikasema wameshuka kutoka milimani, wanatafuta ng'ombe na wanaume. Watoto wa Berea waliokuwa hawajali Kiswahili walianza kukisikiliza. Shabani alijifanya anapita kwenda jikoni, akasimama, akacheka hadi akakaa sakafuni. Nilikuwa na watazamaji kwa mara ya kwanza maishani, na nitasema ukweli, nilikuwa na furaha sana. Wahenga walishasema, mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Kaseti iliyopendwa ilikuwa na mtu mrefu mwenye koti jeusi, mikono ya chuma, na kwenye kila kidole waya mwembamba uliochomoka kama uzi kutoka kwenye kibiringo. Anafika kwenye nyumba iliyo karibu na maji. Mwenye nyumba anasimama mlangoni, akimkinga mtoto aliye ndani. Yule mtu anakunja vidole mara moja tu, wala hagusi kitu. Mwenye nyumba anabaki amesimama. Mistari myekundu inaanza kuonekana juu ya mwili wake, polepole, na kabla hajaanguka vipande anafungua mdomo na kuongea maneno mengi ya Kijapani. Mara ya kwanza sikuwa na la kusema. Nilikuwa na njaa, ilikuwa karibu saa kumi na moja, na macho yangu yaliangukia meza ya Mama Furaha, palipokuwa na ile sahani ambayo asubuhi ile alikuwa amechelewa akaiacha, bado imefunikwa. Nikasema kwa sauti ya yule bwana, "Mwanangu, mwambie mama yako asiniwekee chakula. Mwambie ale, alale." Watoto wakanyamaza. Nikajipongeza moyoni.

Kwa Furaha kunyamaza hakukuwa kitu kipya, yeye alikuwa hasemi siku zote. Lakini siku hiyo aliniambia neno. Alisema, "Rudisha pale." Nikarudisha. Kesho yake akasema tena, "Rudisha pale." Kila mara nilisema maneno yaleyale, kwa kuwa nikibadilisha hata moja alinitazama mpaka nilisahihishe. Nilimwambia mama yake kwamba mtoto ameanza kuchangamka, anapenda katuni. Mama Furaha alifurahi, akanibakizia kichwa cha samaki.

Mwezi wa tisa ndipo alipopata tarehe ya mahojiano ya ukimbizi. Yeye aliyekuwa akiishi na karatasi ya muda, kila miezi michache safari, foleni, muhuri, sasa angesikilizwa, na wakimwamini angepewa hadhi ya mkimbizi, mtoto asome bila kuulizwa, yeye ashone kwa jina lake. Jioni moja kabla ya siku hiyo nilikuwa nafunga buti za kazi, nikawasikia nyuma ya pazia lao. Mama alikuwa akimsuka mtoto.

"Wataniuliza baba yako alikufa namna gani. Mimi sikukuwako. Wewe ndiye ulikuwa naye."

Nilisikia kitana kikipita kwenye nywele.

"Furaha. Useme tu kile uliona. Hata kidogo."

"Sijui, mama."

"Unajua. Nani mwingine atajua?" Kisha, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, "Mimi pia nataka kusikia, mwanangu. Mwaka mzima nakungojea." Nilifunga kamba za buti, nikatoka taratibu ili wasijue kwamba nilikuwepo.

Siku ya mahojiano mkalimani wa ofisi hakuja, na mimi nilikuwa nimewasindikiza, najua Kiingereza cha kuzungumza na majambazi na mabosi. Nikaombwa. Nilinyanyua mkono wa kulia nikaapa kutafsiri yote yatakayosemwa, bila kuongeza wala kupunguza. Afisa alikuwa mama wa makamo mwenye mafua, mpole, aliyempa Furaha peremende kabla hajafungua faili. Mama Furaha alijibu yake vizuri: kijiji, soko, siku tatu, kaburi. Walipofika kwenye kifo akasema hakukiona, aliyekiona ni mtoto. Afisa alisita, akasema si lazima. Mama akasema, "Mwachie aseme." Nikatafsiri. Furaha alikuwa ameshika ukingo wa meza. Akamtazama mama yake kwanza, kisha akaanza kuongea, na hakuwa na kigugumizi chochote.

"Alikuja mtu mrefu mwenye koti nyeusi. Mikono yake ilikuwa ya chuma. Waya zilitoka katika vidole."

Niliisikia sauti yangu inasema hayo kwa Kiingereza. Afisa alikuwa anaandika, kalamu ikasimama. "Muulize tena," akaniambia. "Waya gani?" Nikauliza. Furaha akakunja vidole vyake hewani mara moja, hivi, akaeleza mistari myekundu, na baba aliyebaki amesimama. Mama Furaha alikuwa amenishika kifundo cha mkono chini ya meza na kucha zake zilikuwa zimeingia kwenye nyama. Ndiyo, nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Mama Furaha hakujua Kiingereza, ningeweza kumwambia afisa pale pale: bibi, hii ni katuni, mtoto ameiona kwangu, nisamehe. Lakini faili lingeandikwa kwamba ushahidi umetoka kwenye katuni, na nani angebaki kuamini kaburi? Nikinyamaza, wangesema mtoto amefundishwa uongo. Niligeuza huku na huku, kila mlango umefungwa na aliyeufunga ni mimi. Afisa akaniangalia machoni akauliza kama nina hakika natafsiri sawasawa. Nikasema ndiyo. Hilo angalau lilikuwa kweli.

"Halafu baba akasema, Mwanangu, mwambie mama yako asiniwekee chakula. Mwambie ale, alale."

Sikuhitaji kutafuta maneno, nilikuwa nayo tayari. Nilipomaliza kuyatafsiri Mama Furaha aliuachia mkono wangu, akaweka paji la uso juu ya meza ya serikali, akalia kwa kilio kile ambacho alipaswa kulia siku ya tatu mbele ya udongo. Afisa akampa karatasi za kufutia mafua yake. Hakuuliza tena.

Jioni ile Mama Furaha alipakua sahani mbili. Nilikuwa nimeketi kwenye ndoo yangu, nikaona. Alikula yake yote, ugali na dagaa, akajifunika akalala mapema, na hakupakua ya tatu tena maisha yake yote. Barua ilikuja baada ya wiki sita, nikamsomea mimi. Ilisema maelezo ya kifo hayaaminiki, yanaonekana kubuniwa, na kwa hiyo madai yote yana mashaka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza neno moja tu: "Kubuniwa ni nini?" Nikamweleza. Akatikisa kichwa, akasema, "Wao hawakukuwako," akarudi kwenye mshono wake. Kaseti nilizitupa kwenye shimo la lifti, boksi zima, na Shabani hakunisemesha kwa mwezi mmoja. Kukata rufaa alishindwa, karatasi ya muda ikaisha, akahamia Rosettenville mahali ambapo hakuna aliyemuuliza jina, akashonea chumbani miaka iliyofuata. Alipoanza kuvimba miguu aliogopa kwenda hospitali bila karatasi. Alipokubali kwenda, ilikuwa safari ya kumbeba.

Nilikuwa namtembelea sikukuu. Kila mara nilipanga kumwambia, na kila mara alinitangulia kwa kuwaambia wageni, "Huyu ndiye Bwana Popo, alinisaidia kusikia maneno ya mume wangu." Ungefanya nini? Ningemwambia, ningemuua mumewe mara ya pili, tena bila maneno. Nilikula pilau nikanyamaza.

Kwenye kilio Furaha alinifuata nje ya gereji, karibu na mapipa ya maji. Ni msichana mkubwa sasa, amemaliza shule, mrefu kuliko mama yake. Huongea Kiingereza, Kiswahili chake ni cha kuokotaokota, kwa hiyo aliniambia kwa Kiingereza, bila kunitazama, "Kaka Deo, siku ile nilikuwa nimefumba macho. Chini ya kitanda. Nilifumba tangu mwanzo mpaka waliponitoa. Sikuona kitu."

Nilimwambia najua, si kwamba alifumba macho, lakini najua maneno yalikotoka.

"Alitaka sana niwe nimeona," akasema. "Sikuwa na kingine cha kumpa." Akavuta pumzi. "Yale ya mwisho, ya chakula. Yalikuwa yameandikwa pale chini ya picha?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilishamdanganya mtu aliyelala ndani ya jeneza, huyu angenishinda nini. "Yalikuwa Kireno," nikamjibu. "Sijui Kireno."

Alitingisha kichwa kidogo, kama mtu aliyekuwa ameshajua bei ya kitu lakini ameuliza tu. Ndani walikuwa wanamwita. Tukaingia. Pasta alimsimamisha mbele ya jeneza, na kina mama wakaanza kumwomba, wa kwanza yule aliyekuwa na kisu cha mboga: "Tuambie maneno ya baba yako, mwanangu, yale mama alikuwa anatuambia." Furaha alinitafuta kwa macho, kisha akawageukia watu. Akaanza kwa Kiswahili, safi kabisa, neno kwa neno, maana habari hiyo kwao haikuwahi kusemwa kwa lugha nyingine. Alikuja mtu mrefu mwenye koti nyeusi. Pasta akamsimamisha kwa kiganja, akaangalia vijana waliojaa nyuma, watoto wa hapa, akasema hawa hawasikii Kiswahili. Akaniona mlangoni.

"Ndugu Deo," akasema, "njoo utafsiri."

Nikaenda nikasimama kando ya Furaha.